Msaada: mashine ya boti (15 tustroki) inazima ikikaa sailensa (ikiunguruma chini bila gesi), ukiipa gesi inaenda fresh

Mtoto_wa_Kilindoni:
Wakuu kwema? Naombeni msaada maana hapa nilipofika imebaki kuitupa baharini tu iwe nyumba ya pweza. Nina mashine ya boti, Yamaha 15 tustroki (nguvu farasi 15, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili), silinda mbili kabureta moja (kile kinachochanganya petroli na hewa), ile ya kuvuta kamba. Nilinunua mtumba mwaka juzi na haijawahi kunisumbua. Kipindi cha kusi boti ilikaa juu mchangani kama miezi miwili na nusu, nimekuja kuishusha ndo balaa likaanza.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Kuwaka inawaka vizuri, mvuto mmoja au miwili. Ukiipa gesi inakimbia, haimisi, nguvu ipo ile ile, boti ya faiba mita 7 na watu sita inainua pua kama kawaida. Ila ukishusha mkono ukatoa gia ukaiacha sailensa inakaa sekunde kumi hivi, inaanza kwikwi, kho, kho, kimya. Unavuta kamba inawaka, unaiacha, kho kho, kimya.

Sasa kwa mtu wa kuvua inaweza isiwe shida sana ila mimi kuanzia Oktoba mpaka kama Machi nabeba wageni kwenda kuona papa potwe hapa mbele ya Kilindoni, Mafia. Na papa potwe huendi nae na moto mkubwa, ukishamuona unashusha gesi unatoa gia pangaboi lisimame, mashine inaguna pale watu wanashuka majini. Juzi wageni wanne wako ndani ya maji, mashine imezima, mkondo unanipeleka kwenye jarife (wavu) la watu na mimi navuta kamba huku nacheka nacheka ili wageni wasijue kama kuna tatizo. Aibu niliyoiona siku ile namwachia Mungu.

Nilichofanya: plagi mpya mbili, petroli nimemwaga nikaweka mpya, filta mpya, kabureta imefunguliwa na kuoshwa mara TATU na fundi wa hapa. Fundi sasa anasema ni CDI (kile kifaa cha kupeleka moto kwenye plagi), ninunue, laki tatu na nusu. Kabla sijauza mbuzi naomba ushauri.

Kibua_Mkavu:
Weka plagi mpya mkuu hilo tatizo la plagi

Nanga_Nzito:
@Kibua_Mkavu wewe huwa unasoma au unaangalia picha tu? Kasema kaweka plagi mbili mpya.

Mkuu hapo dawa ni ndogo tu. Pembeni ya kabureta kuna skrubu ya kupandishia sailensa, ikaze raundi mbili tatu, mashine itakuwa inakaa juu kidogo haitozima tena. Mimi nimetembea hivyo miaka minne.

Kibua_Mkavu:
Basi uza ununue fostroki 😂

FundiWaMwalo:
Habari mkuu. Mimi nipo Mwanza, kazi yangu ni hizi mashine, Kirumba hapa zinaletwa kwa toroli kama wagonjwa. Kabla ya mtu yeyote kukutajia spea ya kununua naomba unijibu haya maana bila majibu wote tunapiga ramli.

Wakati inazima ule mpira wa kupampu mafuta kwenye hosi unakuwa mgumu au umelegea? Na ukiuminya pale pale inapoanza kwikwi inafufuka au haijali? Kofia ya tangi umefungua ile skrubu ya hewa? Plagi ukizitoa baada ya kuiacha sailensa zina rangi gani, na ni zote mbili au moja? Inakojoa maji vizuri (yale ya kuipoza)? Mafuta unachanganya vipi?

Na @Nanga_Nzito ndugu yangu, hiyo miaka minne umeshabadilisha gia mara ngapi?

Nanga_Nzito:
Gia imevunjika mara moja tu tena sio kwa sababu hiyo.

FundiWaMwalo:
Ni kwa sababu hiyo hiyo. Mashine hizi gia zake hazina klachi ya kuteleza kama ya gari, ni chuma chenye meno kinaingia kwenye chuma chenye meno kinachozunguka. Sailensa ikiwa chini meno yanaingia tak. Ukiipandisha ili isizime kila ukitia gia yanagongana TAK! na kila siku yanakatika pembe kidogo kidogo mpaka siku unatia mbele gia inaruka yenyewe. Skrubu ile ni ya kuweka sailensa mahali pake, na kwa mashine ndogo nyingi ni kati ya 700 na 1000 kwa dakika, sio ya kuficha ugonjwa. Halafu fikiria mwenzetu ana watu majini, unataka atie gia mashine ikiwa inaunguruma?

Mtoto_wa_Kilindoni:
Asante sana fundi. Nimeshuka ufukweni saa hizi maji yamejaa nikaiwasha nijibu kwa uhakika.

Mpira wa mafuta mgumu, hata inapozima uko mgumu. Nimeuminya wakati wa kwikwi haijali kabisa. Skrubu ya hewa ya tangi nafungua kila siku, nilishawahi kusahau zamani nikazimikiwa katikati ya safari kwahiyo siwezi kusahau tena. Inakojoa vizuri sana. Plagi zote mbili zimepauka, rangi ya majivu ya sigara, kavu kabisa. Mafuta lita 20 naweka oili nusu lita.

Mlamu_wa_Shela:
Salam aleikum. Mimi niko Lamu, nataka kuuliza petroli yenyewe waitoa wapi? Maanake mwaka jana injini yangu ilinifanyia hivyo hivyo, mekanika akafungua akafunga akafungua akafunga, kumbe mafuta ya madumu nilokuwa nikinunua yalikuwa na maji chini na yametiwa mafuta ya taa. Nilitia kwa chupa ya plastiki nyeupe nikaiweka dirishani usiku kucha, asubuhi nikaona chini kuna maji yamejitenga kama kidole kimoja hivi, juu petroli. Dumu la lita 20 zima nikalimwaga kwa moyo mzito.

Na ya mafuta ya taa waijua kwa karatasi. Tia tone moja kwa karatasi nyeupe, petroli safi yaruka yapotea haiachi kitu, ikiwa na mafuta ya taa yabaki doa la mafuta. Lakini fanya kabla hujatia oili, usije ukaona doa la oili yako mwenyewe ukaenda kupigana na mwenye duka.

Mtoto_wa_Kilindoni:
@Mlamu_wa_Shela waalaikum salam kaka. Petroli ya mara ya mwisho nimeagiza kwa mtu aliyeitoa sheli bara. Ila nitapima hiyo ya chupa usiku huu.

Kibua_Mkavu:
Huku kwetu Tanzania ile ya kuchanganya na mafuta ya taa ilipungua sana tangu 2011 walipopandisha kodi ya mafuta ya taa, hakuna faida tena ya kuchakachua. Ila maji bado yapo, maji hayana kodi.

FundiWaMwalo:
Leo umesema la maana @Kibua_Mkavu

Yakhe_wa_Mkoani:
Assalaam aleikum jamaa. Mie nipo Pemba, si fundi wa cheti ila mashine hizi tumezaliwa nazo. Yakhe hebu nifanyie jambo moja dogo halina gharama. Washa, iache ipate moto dakika tano, kisha iache sailensa. Ikianza tu hiyo kwikwi yako vuta choki (ile ya kubana hewa petroli izidi) kidogo, usiivute yote, nusu. Utazame yafanya nini. Ikiwa yafufuka, ile ina njaa, petroli haitoshi au hewa imezidi. Ikiwa yakufa haraka zaidi, imeshiba, petroli imezidi, hapo twende tukatazame floti na sindano yake, ile yafungia petroli bakulini. Choki ndio daktari wa bure hapo.

Mtoto_wa_Kilindoni:
Wakuu nimerudi. Kwanza chupa: asubuhi hakuna maji, petroli safi, karatasi haijaacha doa.

Pili choki. Sheikh wa Mkoani Mungu akuweke!! Imeanza kho kho nikavuta choki nusu, ikafufuka hapo hapo, ikaguna vizuri kabisa. Nikarudisha choki, kho kho. Nikavuta, ikapona. Nimefanya mara sita kama mtoto na kitu kipya mpaka mke wangu akaniita kutoka juu ananiuliza unafanya nini huko.

FundiWaMwalo:
Haya sasa tunaongea. Plagi zote mbili zimepauka, choki inaiponya, mpira wa mafuta mgumu na ukiuminya haibadiliki. Maana yake petroli inafika kwenye kabureta vizuri, ila ikiwa sailensa inayopita haitoshi hewa inayoingia. Yamebaki mawili tu makubwa, ama njia ya petroli ya sailensa imeziba ama kuna mahali inaiba hewa.

Kuhusu CDI. Fundi wako sitamsema vibaya na ni kweli kuna mashine ambazo koili ya kuchaji imechoka, moto unakuwa dhaifu mzunguko ukiwa mdogo. Lakini tumia akili hapa: ukivuta kamba kwa mkono mashine inazunguka polepole kuliko hata sailensa, na yako inawaka mvuto mmoja. Moto unaotosha kuwasha kwa mkono utashindwaje kuiweka sailensa? Na tena choki haiwezi kuponya CDI. Mbuzi wako mwache ale majani.

Mtoto_wa_Kilindoni:
Lakini fundi kabureta si imeoshwa mara tatu? Nilikuwepo nikiangalia kwa macho yangu, ikatolewa bakuli la chini, ikatolewa jeti kubwa (kile kimsumari chenye tundu la kupitishia petroli), ikapulizwa kwa mdomo, ikaoshwa na petroli ikarudishwa.

FundiWaMwalo:
Jeti kubwa ndiyo inayokula mashine ikiwa na moto, na yako ikiwa na moto haina shida, kwahiyo mmesafisha mara tatu mahali ambapo ni pasafi.

Ya sailensa ni jeti nyingine, ndogo, tundu lake kama unywele mnene. Boti imekaa miezi miwili na nusu na petroli ndani ya kabureta, petroli inakauka inaacha gundi ya rangi ya asali, jeti kubwa hata ikipata gundi kidogo inapitisha ila hii ndogo kwisha habari. Ukiishika elekeza kwenye mwanga wa jua uchungulie. Ukiona giza, ndo hiyo. Ukiona mwanga angalia tena kama mwanga ni duara kamili au mwezi mchanga.

Halafu kitu ambacho mafundi wengi hawafungui. Juu ya kabureta ya mashine kama yako kuna kifuniko kidogo kimefungwa na skrubu ndogo, kina gasketi yake (karatasi ya kuziba maungio). Wengi wanadhani ni pambo. Fungua hicho. Chini yake kuna vitundu vidogo vidogo vimepangana, hivyo ndivyo vinavyomwagia petroli mashine ikiwa sailensa na ukianza kuongeza gesi taratibu. Skrubu zake ni laini, tumia bisibisi inayokaa sawasawa, ukizivua kichwa utanitukana.

Kuzibua usitumie waya wa breki ya baiskeli wala sindano! Chuma kinapanua tundu, na likishapanuka hiyo jeti ni ya kutupa. Wewe si mtu wa bahari, chukua mshipi wa nailoni ule mwembamba wa kuvulia wa 0.30 au 0.40, kata ncha mshazari kwa wembe, pitisha taratibu, halafu puliza kwa pampu ya baiskeli, sio mdomo, mdomo una mate.

Kuna skrubu nyingine pembeni ya kabureta ina springi, ya mchanganyiko wa sailensa. Kabla hujaitoa ikaze ndani taratibu mpaka iguse tu huku unahesabu mizunguko, andika, ndipo uitoe. Usiibane kwa nguvu, ncha yake ni kama ya penseli, ikipata alama haitakaa sawa tena maisha.

Mlamu_wa_Shela:
Na usifanyie hiyo kazi ndani ya boti! Mimi jeti yangu iko chini ya bahari mpaka leo, iliniponyoka kwa vidole nikasikia tu "tub". Leta nyumbani, tandika shuka nyeupe, weka sahani.

Na usivute sigara karibu. Najua hakuna asiyejua, lakini nimeona mtu ajuae akivuta.

Nanga_Nzito:
Aisee hicho kifuniko cha juu mimi nilikuwa najua ni pambo kweli 😅

Mtoto_wa_Kilindoni:
MREJESHO. Samahani nimechelewa siku tatu kulikuwa na msiba hapa mtaani.

Nimefungua mwenyewe, fundi sikumuita. Shuka nyeupe, sahani mbili za mke wangu (ananidai). Jeti ndogo nilipoichungulia kwenye jua nikaona kimwanga kama kipande cha kucha, yaani ule mwezi mchanga alosema fundi. Nimepitisha mshipi, umetoa kitu kinanata rangi ya chai ya rangi.

Halafu kile kifuniko cha juu. Skrubu moja imenisumbua nusu saa, nikaitia mafuta ya taa nikaiacha usiku, asubuhi ikatoka. Wakuu, ndani kuna vitundu vitatu na viwili huvioni kabisa. Vimejaa unga mweupe kama chumvi ya mezani uliogandana, nadhani mwenye mashine wa kwanza aliwahi kuizamisha hii hakuniambia. Nimeloweka petroli, nikazibua na mshipi, pampu ya baiskeli, mpaka petroli ikawa inaruka kwa vitundu vyote vitatu kama bomba la mvua.

Nimefunga, nikahesabu skrubu mizunguko ile ile niliyoandika, nikaenda baharini.

Imetoka sekunde kumi imefika dakika mbili mpaka tatu. Halafu inaanza kitu kingine sasa, inapanda yenyewe inashuka yenyewe, uuuUUUuuu uuuUUUuuu, kama mtu anachezea gesi, mwisho inazima. Choki bado inaisaidia. Nimekaa juu ya tangi nikatamani kulia.

Kibua_Mkavu:
Uza.

Nanga_Nzito:
Ndo CDI hiyo sasa, tumezunguka weee tumerudi kwa fundi wa mwanzo.

FundiWaMwalo:
Hapana bwana. Toka sekunde kumi mpaka dakika tatu ni kitu kikubwa, maana yake uchafu ulikuwa ugonjwa wa kweli ila haukuwa peke yake. Na huko kupanda na kushuka ni dalili ya kuiba hewa, mashine inakosa petroli inapanda mzunguko kisha inakosa kabisa inashuka. Inaiba wapi ndo swali. Kabureta inaposhikana na mashine, gasketi. Au gasketi za vibati vya ridi (vile vya kuingizia hewa na petroli ndani ya mashine). Ikishindikana huko basi sili ya krenki (mpira unaoziba shafti kuu), na hapo naomba iwe sio.

Huku watu wanapulizia spirei kwenye maungio waone mzunguko ukibadilika ila mimi sipendi kupulizia kitu kinachowaka kwenye mashine inayowaka.

Yakhe_wa_Mkoani:
Yakhe wacha spirei. Grisi tu. Chukua grisi ile nzito ya kupaka gia, mashine ikiwa imezimwa, paka mviringo wote pale kabureta inapokutana na mashine, paka nene kama unapaka chokaa dau, usiache nafasi. Washa uiache sailensa. Ikitulia, basi grisi imeziba pengo na gasketi yako imekufa. Isipotulia futa, paka ungio la nyuma yake. Waenda ungio kwa ungio. Babu yangu akifanya hivi akiwa hana hata bisibisi ya maana, na akifika nyumbani na grisi ile ile kisha ndio atafuta gasketi wiki ijayo.

Tena itazame grisi yenyewe. Pale inapoiba utaona imenyonywa ndani imefanya kishimo.

Mtoto_wa_Kilindoni:
Saa 12 asubuhi nimeenda na kopo la grisi. Nimepaka kabureta yote mviringo, chini nimeingiza kwa kidole kidogo maana mkono haupiti. Nimewasha. Dakika tatu. Tano. Nane. Imetulia inaguna TU-TU-TU-TU haipandi haishuki. Dakika ya kumi na mbili nimezima mwenyewe kwa kuvuta kamba ya usalama, mwezi mzima sijawahi kuizima kwa hiari yangu!!

Nikachungulia na tochi. Upande wa chini kulia grisi ina kishimo kama mtu kachomeka ncha ya kalamu.

Nimefungua nati mbili nikaitoa kabureta. Sasa sikilizeni gasketi niliyoikuta. Ni BOKSI LA JUISI. Limekatwa na mkasi vizuri sana, hata picha ya embe bado inaonekana upande mmoja. Pale chini limeshalowa limekatika. Na mimi nilikuwepo fundi anafunga, mara ya kwanza ile, nilimuona anakata nikajua anakata kitu cha kuwekea skrubu.

Mlamu_wa_Shela:
Hahahaha embe! Subhanallah.

FundiWaMwalo:
Kwahiyo alipofungua mara ya kwanza kusafisha gundi akaharibu gasketi ya zamani, akaweka embe. Ndipo ikawa hata jeti ingesafishwa vizuri bado isingepona, na gasketi ingebadilishwa peke yake bado isingepona. Hizi za magonjwa mawili ndizo zinazotutoa mvi, unatibu moja huoni nafuu unadhani umekosea unaenda kutafuta la tatu.

Kabla hujaweka gasketi mpya angalia uso wa kabureta pale inapokaa. Nati zikikazwa sana masikio yake mawili yanapinda, katikati panabaki pengo, gasketi mpya nayo haimalizi mwezi. Chukua kioo cha dirisha, weka juu yake msasa mwembamba namba 400, isugue kabureta uso chini kwa mviringo taratibu. Ukiona inang'aa kwenye masikio tu na katikati haijaguswa, imepinda, endelea mpaka ing'ae yote. Ziba matundu na kitambaa kwanza na uioshe vizuri ukimaliza, vumbi la msasa likiingia kwenye pistoni utarudi hapa na uzi mwingine. Na ukifunga kaza nati kwa zamu, huku kidogo kule kidogo.

Mtoto_wa_Kilindoni:
Ilikuwa imepinda. Nimesugua saa nzima. Gasketi ya kabureta na ya kile kifuniko cha juu nimeagiza Dar, zimekuja na boti kupitia Nyamisati, zote mbili pamoja na usafiri hazijafika elfu ishirini na tano. Laki tatu na nusu bado iko malishoni inalia mee.

Nanga_Nzito:
Hongera mkuu. Mimi jana nimeshusha ile skrubu yangu nikakuta mashine inazima 😅 nimeanza na choki, inafufuka.

FundiWaMwalo:
Karibu chama.

Kibua_Mkavu:
Na hiyo oili nusu lita kwa lita 20 je? Hakuna aliyeigusa. Mzee wangu anaweka lita nzima anasema ndo bora kwa mashine.

FundiWaMwalo:
Kwa mashine hiyo kitabu ni 50 kwa 1, maana yake lita 20 za petroli mililita 400 za oili ya tustroki. Nusu lita imezidi kidogo haiui. Lita nzima ni 20 kwa 1, hata mashine mpya ya kuzoeshwa kwa saa kumi za kwanza unaweka 25 kwa 1 yaani mililita 800. Mzee wako plagi zake zikoje?

Kibua_Mkavu:
Nyeusi tii, anabadilisha kila wiki mbili. Ndo maana mimi dawa ninayoijua ni plagi 😂

Yakhe_wa_Mkoani:
@Mtoto_wa_Kilindoni na kusi lijalo ukiipandisha boti juu usiiache na petroli kwenye kabureta. Pana skrubu chini ya bakuli, ifungue imwagike yote kwenye kikombe.

Mlamu_wa_Shela:
Si rahisi kuchomoa hosi uiache injini imalize yenyewe?

FundiWaMwalo:
Yote sawa ila ukiiacha imalize yenyewe iache ikiwa sailensa, usiipe gesi, maana oili ya kuilainisha inakuja na hiyo hiyo petroli unayoikata. Mimi namwaga kwa skrubu. Na bado linabaki tone bakulini ila sio la kuziba jeti.

Mtoto_wa_Kilindoni:
MREJESHO WA MWISHO wakuu.

Leo nimetoka na wageni watano. Kabla sijaondoka niliweka ile skrubu ya mchanganyiko kama fundi alivyonielekeza inbox, mashine iwe na moto, boti ndani ya maji, unazungusha robo unasubiri inajibu, robo unasubiri, mpaka mahali inapoguna kwa utulivu kuliko pengine, kisha nikashusha ile ya sailensa mpaka gia inaingia tak ndogo.

Saa tatu hivi tumempata mmoja mkubwa, kama mita sita, mdomo wazi anakula dagaa wa juu juu. Nimeshusha gesi, nimetoa gia, wageni wameshuka. Dakika ishirini na tano mashine inaguna. Mimi nimekaa nyuma nimeweka mkono juu ya kofia yake naisikiliza, mgeni mmoja mama wa makamo kapanda kupumzika akaniuliza mbona huangalii papa? Nikamwambia huyu nimemzoea.

Wabheja sana fundi (asante kwa Kisukuma), nimejifunza neno lenu. Sheikh wa Mkoani ukija Mafia samaki wa kuchoma uko juu yangu. Kaka wa Lamu nawe pia. Kibua wewe njoo na plagi zako.

Na gasketi ya embe nimeigongomea ukutani bandani.

Mvuvi_Mpya_Kgm:
Wakuu mimi nipo Kigoma, mashine yangu 40 sailensa iko poa kabisa ila haikojoi maji, inatoa mvuke tu, nifanyeje?

FundiWaMwalo:
Zima mashine SASA HIVI, usiiwashe tena hata kidogo, halafu fungua uzi wako tuje huko. Angalia impela (kipanga cha pampu ya maji) kwanza.